Wan Li mkoani Anhui, 1977–1980: uchambuzi wa kisa cha kiongozi aliyewakinga wakulima wake

Kisa chenyewe

Juni 1977 Wan Li alitumwa Anhui, mashariki mwa China, kuwa Katibu wa Kwanza wa Chama cha Kikomunisti mkoani humo. Hakumaliza hata miaka mitatu. Alipoondoka mapema mwaka 1980, sehemu kubwa ya wakulima wa maeneo maskini ya mkoa ule walikuwa wanalima kwa mkataba wa kaya: kila familia inapewa shamba lake, inatoa kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki ni chake. Nyaraka za Kamati Kuu zilikuwa zinakataza jambo hilo waziwazi. Kufikia mwisho wa 1983 karibu China yote ya vijijini ilikuwa inalima hivyo.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama hadithi ya wakulima kumi na wanane waliotia alama za vidole gumba kwenye karatasi usiku. Hadithi ni ya kweli na nitaigusa. Lakini hapa nakitazama kutoka ofisi ya mkoa iliyoko Hefei, makao makuu ya Anhui, kwa sababu kuna swali linalowahusu maofisa wa ngazi ya kati popote walipo: umewekwa kusimamia sera, unaona kwa macho yako kwamba inawaumiza watu, na wakubwa hawajabadili kauli. Unafanya nini kesho asubuhi? Nionavyo mimi, Wan Li hakubuni chochote Anhui. Alichofanya ni kukataa kuwa mkono wa kuzuia, na akalibeba jina la uamuzi huo yeye mwenyewe.

Viongozi wakuu nimewataja, kwa kuwa ni watu wa historia ya wazi. Wanakijiji na makada wa chini nimewaacha bila majina.

Usuli: mtu

Wan Li alizaliwa Desemba 1916 wilayani Dongping, mkoa wa Shandong, akajiunga na Chama mwaka 1936. Baada ya 1949 kazi zake zilikuwa za miji na ujenzi. Alikuwa waziri wa ujenzi wa miji, kisha makamu wa meya wa Beijing, na huko alisimamia ujenzi wa Ukumbi Mkuu wa Umma kando ya uwanja wa Tiananmen, jengo lililokamilika mwaka 1959 kwa muda wa miezi kama kumi tu. Mapinduzi ya Utamaduni yalimwangusha. Baada ya kurudishwa kazini, Januari 1975 alipewa Wizara ya Reli. (Wasomaji wa Tanzania na Zambia wataukumbuka mwaka huo: ndio mwaka ambao kazi ya kulaza reli ya TAZARA ilikamilika hadi Kapiri Mposhi.) Ndani ya China kwenyewe treni zilikuwa zimekwama kwa ugomvi wa makundi ya kisiasa, hasa kwenye kituo kikubwa cha Xuzhou, na Wan Li akazifungua njia. Mwaka uliofuata Deng Xiaoping, aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alivuliwa madaraka, na Wan Li akaanguka naye.

Kwa hiyo aliyefika Anhui alikuwa mzee wa miaka sitini aliyekwisha kuangushwa mara mbili, hodari wa majengo na reli, asiyejua kilimo. Naona mambo yote mawili yalimsaidia. Asiyejua kilimo hulazimika kuuliza, na aliyekwisha kuanguka mara mbili haogopi la tatu kama anavyoliogopa yule ambaye hajaanguka bado.

Usuli: mkoa

Kwa idadi ya waliokufa ikilinganishwa na idadi ya watu, Anhui ni miongoni mwa mikoa iliyoumia kuliko yote katika njaa kuu ya 1959 hadi 1961. Katibu wa mkoa wakati huo alikuwa Zeng Xisheng. Ni yeye aliyesukuma kampeni ya Mruko Mkubwa, yaani mbio za Mao za kukuza uzalishaji kwa ghafla, kwa ukali uliopita kiasi, na ni yeye huyohuyo, alipoona maiti, aliyeanzisha mwaka 1961 utaratibu wa “mashamba ya wajibu”. Kaya zilipewa mashamba ya kuyatunza na malengo ya kutimiza. Kufikia mwisho wa mwaka vikosi vingi sana vya uzalishaji vya mkoa, yaani timu za wakulima waliolima pamoja, vilikuwa vimeshaufuata, na wakulima wakayaita mashamba ya kuokoa maisha. Mapema 1962, kwenye mkutano mkubwa wa makada elfu saba mjini Beijing, Zeng aliondolewa madarakani. Mashamba ya wajibu yakafutwa na walioyatetea wakaadhibiwa.

Hilo la 1962 ni muhimu kwa kuelewa yote yanayofuata. Kila kada mwenye umri Anhui alikuwa analikumbuka. Alijua mkataba wa kaya unaleta chakula, na alijua pia unakokupeleka.

Miaka kumi na tano baadaye vijiji vilikuwa bado chini ya komyuni. Watu walilima pamoja kwenye vikosi vya uzalishaji, wakaandikiwa pointi za kazi, na mwisho wa mwaka wakagawana kilichobaki baada ya serikali kuchukua chake. Aliyelima kwa bidii na aliyeegemea jembe walipata pointi zinazokaribiana. Mfano wa kitaifa ulikuwa kijiji cha Dazhai, mkoani Shanxi, na kiongozi wake Chen Yonggui alikuwa amepandishwa hadi kuwa makamu wa waziri mkuu. Makada wa mikoa yote walipelekwa Dazhai kujifunza, kisha wakarudi kwao kukata matuta milimani hata pasipokuwa na milima ya maana.

Mfululizo wa matukio

*Miezi ya kwanza: kutembea.* Wan Li hakuanza na mkutano wa kutoa dira. Alipanda gari dogo akazunguka wilaya moja baada ya nyingine kwa miezi kadhaa, mara nyingi bila kutoa taarifa mapema, ili asiandaliwe mapokezi. Tukio linalorudiwa na waliokuwa naye ni la milima ya Dabie, wilayani Jinzhai. Aliingia nyumba moja wakati wa baridi, akamkuta mzee ameketi jikoni karibu na meko. Mzee hakusimama kumsalimu mgeni, na alipoulizwa sababu ilibainika kwamba hakuwa na suruali. Ndani ya meko lenyewe, kwenye joto la majivu, walikuwa wamejibanza wasichana wawili, nao bila nguo ya kuwafaa. Hayo ni maeneo yaliyotoa askari na mashahidi wengi kwa mapinduzi. Wan Li hakuacha kulieleza tukio hilo katika miaka iliyofuata.

Kingine kilichomkera kilikuwa maelezo ya makada. Wilaya ya Fengyang ilikuwa maarufu kwa ombaomba; kila kipupwe familia nzima zilifunga mlango zikaenda mijini kuomba chakula. Inasimuliwa kwamba kada mmoja alimweleza kuwa kuomba ni mazoea ya watu wa huko, na Wan Li akamjia juu: hakuna mtu mwenye chakula nyumbani anayeomba kwa mazoea.

Hesabu ziliposhushwa mezani zilikuwa hivi. Mkoa ulikuwa na vikosi vya uzalishaji zaidi ya 280,000. Asilimia 10 tu ndivyo vilivyomudu kuwalisha na kuwavisha watu wake. Katika asilimia 67 ya vikosi, pato la mtu kwa mwaka halikufika yuan 60, na katika robo ya vikosi halikufika yuan 40.

*Novemba 1977: Vipengele Sita.* Kamati ya Chama ya mkoa ilipitisha waraka mfupi wa vipengele sita kuhusu uchumi wa vijijini. Rasimu yake ilisomwa kwanza vijijini mbele ya wakulima na makada wao, ikarekebishwa. Waraka ulivirudishia vikosi haki ya kuamua wapande nini, ukaruhusu bustani za familia na ufugaji mdogo, ukapunguza michango ya lazima, na ukakubali kazi nyingine ndogo zikabidhiwe mtu mmoja mmoja. Mkataba wa kaya haukumo. Kwa lugha ya siasa ya wakati ule ulikuwa bado ndani ya uzio. Februari 1978 gazeti la Chama, *Renmin Ribao*, lilieleza kwa sifa jinsi waraka ule ulivyozaliwa.

*Septemba 1978: kukopesha ardhi.* Mwaka 1978 ukame mkubwa uliikumba Anhui. Mito na visima vilikauka, na udongo ukawa mgumu kiasi kwamba kupanda ngano ya kipupwe kwa vikosi kulishindikana; mtu anayepata pointi zilezile hakuona kwa nini aukwangue mwamba. Mkoa ukaamua kwamba mashamba ambayo kikosi hakiwezi kuyapanda wakopeshwe wakulima, kila mtu kiasi cha sehemu tatu kwa kumi za mu, yaani karibu mita za mraba 200, na mavuno ya eneo hilo serikali isiyadai.

Ninauhesabu uamuzi huu kuwa ndio hatua ya ustadi mkubwa kuliko zote katika kisa hiki. Hakuna ardhi iliyogawiwa na hakuna kanuni iliyofutwa. Ilikuwa hatua ya dharura ya ukame, na nani angesimama Beijing kupinga watu kupanda ngano wakati wa ukame? Lakini wakulima walichota maji kwa ndoo, wakachimba mashimo kwa majembe ya mkono, familia nzima, watoto na wazee. Ardhi iliyoshindikana ikapandwa, na kila kada aliyepita barabarani akaona kwa macho tofauti ya shamba la mkopo na shamba la kikosi.

*Feixi na Fengyang.* Mkopo ulipotolewa, vijiji vilikwenda mbali zaidi. Huko Shannan, wilaya ya Feixi, katibu wa tarafa aliyekumbuka mwaka 1961 alikutana usiku na wanachama wa kijiji kimoja Septemba ileile, na wakakubaliana kugawa mashamba kwa kaya kwa malengo ya mavuno. Mwishoni mwa mwaka huo, kwenye kikosi cha Xiaogang wilayani Fengyang, chenye kaya 20, ndipo ile karatasi ilipotiwa alama za vidole. Waliahidiana kuitimizia serikali sehemu yake, na kwamba kiongozi wao akifungwa wengine watawalea watoto wake hadi wafike miaka kumi na minane.

Njia mbili hizi hazikuwa sawa kabisa. Feixi kaya ilikabidhi mavuno yaliyokubaliwa kwa kikosi, kikosi kikagawa kwa pointi, na ziada ikabaki kwa kaya. Xiaogang waliruka pointi zote: lipa fungu la serikali, toa fungu la kikosi, kilichobaki ni chako. Ya pili ndiyo iliyopendwa, kwani mkulima asiyejua kusoma aliweza kuihesabu mwenyewe na hakuna karani aliyeweza kumzungusha.

*Desemba 1978 hadi Februari 1979.* Mkutano maarufu wa Kamati Kuu wa Desemba 1978 ulifungua mlango wa mageuzi, lakini rasimu yake kuhusu kilimo ilisema mkataba wa kaya hauruhusiwi, wala kugawa mashamba kila mtu alime peke yake. Habari za Feixi zilifika Hefei wakati waraka huo uko mezani. Februari 1979 kamati ya mkoa ilijadiliana, na uamuzi ukawa huu: komyuni ya Shannan iendelee kama jaribio. Isitangazwe, isiandikwe magazetini, isienezwe kwa amri. Ikishindikana, mkoa utabeba lawama na wakulima watapewa chakula.

*Machi 1979: barua gazetini.* Tarehe 15 Machi *Renmin Ribao* lilichapa ukurasa wa kwanza barua ya msomaji iliyopinga kugawa vikosi katika makundi madogo, pamoja na maoni ya mhariri yaliyotaka makosa hayo yarekebishwe. Vijijini taharuki ilikuwa kubwa, maana ilikuwa katikati ya maandalizi ya kilimo cha masika. Makada walisimama, wakulima wakaacha kutia mbolea mashamba waliyodhani yatanyang’anywa. Ng’ambo ya mpaka, mkoani Jiangsu, yaliandikwa maneno makubwa ukutani kuipinga Anhui.

Wan Li hakuandika barua ya kujieleza Beijing. Alipanda gari akaenda eneo la Chuxian, ambalo Fengyang ni sehemu yake, akawaambia makada wa wilaya kwamba gazeti halitawalisha watu wakikosa mavuno, na kwamba utaratibu waliouanza usibadilishwe msimu huu. Kabla mwezi haujaisha, gazeti lilelile lilichapa barua ya majibu kutoka Anhui.

*1979 hadi mapema 1980.* Mavuno yakaja. Xiaogang ilivuna kiasi cha kilo 66,000 za nafaka mwaka 1979, karibu sawa na jumla ya miaka mitano ya 1966 hadi 1970, na ikaiuzia serikali nafaka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kupewa msaada. Januari 1980 Wan Li alifika kijijini, akaingia nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba wanakijiji walimjazia karanga za kukaanga mifukoni mwa koti, na aliporudi Hefei alizimwaga mezani kikaoni ili wajumbe wazile. Mwezi huohuo mkutano wa kilimo wa mkoa uliutambua mkataba wa kaya kuwa aina mojawapo ya utaratibu wa uwajibikaji wa uzalishaji. Kwa mara ya kwanza Anhui ilikuwa imelitamka jambo hilo kwa jina lake. Februari aliteuliwa kwenye Sekretarieti ya Kamati Kuu, na Aprili akawa makamu wa waziri mkuu anayeshughulikia kilimo.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini hakutangaza mapema? Kwa sababu ya Zeng Xisheng. Mwaka 1961 mkataba wa kaya ulienezwa mkoa mzima ndani ya miezi michache kwa sauti kubwa, na ulipopigwa ulipigwa wote. Mwaka 1979 ilikuwa komyuni moja, tena “jaribio”. Ukipigwa, unapigwa mahali pamoja.

Kwa nini hakuzima, basi, ambalo lingekuwa salama zaidi kwake? Alishaona meko la Jinzhai, na jibu hilo lina uzito wake. Lakini kulikuwa na hesabu pia. Mkoa wenye ukame uliopoteza msimu wa ngano ungeomba nafaka kutoka serikali kuu mwaka unaofuata, na katibu anayeomba nafaka ni dhaifu kuliko katibu anayelaumiwa huku maghala yake yamejaa.

Tena hakuenda mikono mitupu kwa wakubwa. Wan Li mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alizungumza faragha na Chen Yun, mwanauchumi mwenye heshima kuliko wote Chamani, akaungwa mkono, na kwamba Deng, aliyekuwa amesharudi madarakani, alimshauri aendelee tu bila kuingia kwenye mabishano. Hakuna kati yao aliyempa karatasi. Alichopata ni kujua kwamba shoka halitamshukia siku ileile.

Kuhusu makada wa chini, alilojali ni kwamba mtu wa wilaya asiachwe peke yake. Katibu wa Fengyang aliyeinyamazia Xiaogang, na wa eneo la Chuxian aliyepeleka ripoti za ukweli mkoani, walijua kwamba wakiulizwa wana mahali pa kuelekeza kidole. Katika mfumo ambao kila ngazi hujilinda kwa kuikandamiza ngazi iliyo chini yake, mtu mmoja wa juu akisema “niandikeni mimi” hubadilisha hesabu ya watu mamia walio chini yake.

Matokeo

Mei 1980 Deng alizisifu waziwazi Feixi na Fengyang katika mazungumzo na maofisa. Ubishi haukuisha. Septemba mwaka huo makatibu wa mikoa waliitwa Beijing na wakagombana hasa: Heilongjiang, yenye mashamba makubwa na matrekta, iliona njia pana ya pamoja haipaswi kuachwa, Guizhou, mkoa maskini wa milimani, ilijibu kwamba kama njia yao ni daraja la gogo moja, basi watapita hapo hapo. Waraka uliotoka uliruhusu mkataba wa kaya maeneo maskini na ya mbali. Wan Li, sasa akiwa Beijing, alikuta upinzani mkubwa zaidi uko ndani ya wizara za kilimo zenyewe, na dawa yake ikawa ileile ya Anhui: aliwatuma maofisa waende vijijini wakaone.

Waraka wa kwanza wa Kamati Kuu wa mwaka 1982 ulitamka kwamba mkataba wa kaya ni sehemu ya uchumi wa kijamaa. Katiba ya mwaka huohuo ikarudisha serikali za kata (xiang), na komyuni zikavunjwa moja baada ya nyingine. Uzalishaji wa nafaka wa nchi nzima ulipanda kutoka tani milioni 305 hivi mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984.

Wan Li aliendelea kuwa makamu wa waziri mkuu hadi 1988, kisha mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma hadi 1993. Alifariki Julai 2015 akiwa na miaka 98.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni mpangilio wa hatua. Vipengele Sita, halafu mkopo wa ardhi, halafu komyuni moja, halafu kutamka. Kila hatua ilikuwa inatetewa kwa lugha rasmi ya siku ile, na kila moja ilizaa ushahidi wa hatua inayofuata. Aliyekuwa na haraka angeona kusuasua. Mimi naona mtu aliyejua kwamba hoja pekee isiyoweza kuitwa kosa la itikadi ni mavuno yaliyoko ghalani, na mavuno yana msimu wake.

La pili ni ziara zisizo na mapokezi. Ripoti za komyuni zilikuwa zimepitia mikono mingi kabla ya kufika Hefei, na kila mkono uliongeza kidogo. Mwaka 1959 namba za uongo ziliua watu Anhui, maana serikali ilichukua nafaka kwa kadiri ya mavuno yaliyotangazwa ambayo hayakuwepo. Katibu aliyeingia jikoni kwa watu alikuwa anajenga upya mfereji wa habari uliokuwa umeziba. Wasomaji wa Tanzania walioishi Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 hawahitaji kuelezwa tofauti ya takwimu za wilayani na hali ya shambani.

Sasa tahadhari kuhusu sifa. Ongezeko la nafaka la 1978 hadi 1984 si la mkataba wa kaya peke yake. Mwaka 1979 serikali ilipandisha bei ya kununulia nafaka kwa asilimia 20, na kwa nafaka iliyozidi kiwango cha lazima ikaongeza asilimia 50 nyingine. Mbolea ya viwandani iliongezeka na mpunga chotara ukaenea. Anayefundisha kisa hiki bila kutaja bei anawapotosha wanafunzi. Naamini mkataba ulikuwa na nguvu kubwa, kwa sababu vikosi jirani vyenye bei zilezile na mvua ileile vilivuna tofauti, lakini haukuwa peke yake.

Na sifa ya nani? Shannan ilitangulia Xiaogang kwa majuma kadhaa, na huko makada wa tarafa ndio waliobeba hatari. Xiaogang ina karatasi yenye vidole, na karatasi huingia kwenye jumba la makumbusho kwa urahisi kuliko kikao cha usiku. Matokeo yake kisa kimebaki kinywani mwa watu kama ushujaa wa wakulima, huku kazi ya ngazi za kati, yaani tarafa, wilaya, eneo na mkoa, ikisahauliwa. Ni hasara, maana wengi wanaosoma visa vya namna hii ni watu wa ngazi hizohizo.

Kilichoshindikana kina uzito pia. Komyuni ilikuwa inaendesha zaidi ya kilimo. Ilichimba mifereji, ililipa mganga wa kijiji, ilimtunza mzee asiye na mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa ushirika wa matibabu ulivifikia karibu asilimia 90 ya vijiji vya China. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umebaki katika takribani asilimia 5. Kaya ilipata chakula ikapoteza zahanati. Anhui ya 1979 ilikuwa na njaa na haikuwa na nafasi ya kulifikiria hilo, nakubali. Beijing ya 1983 ilikuwa nayo.

Kubwa kuliko hilo ni kwamba kinga yote ilikuwa ndani ya mtu. Wan Li alipoondoka mapema 1980, uongozi mpya wa mkoa ulisita, mikutano ya masika ikaukosoa tena mkataba wa kaya, na wakulima waliokwisha kulima wakaanza kuuliza kama mashamba yatarudishwa. Kauli za Deng za mwezi Mei ndizo zilizowatuliza. Yaani mkoa mzima ulitoka kwenye kivuli cha mtu mmoja ukaingia kwenye kivuli cha mwingine, na katikati hapakuwa na sheria ya kushika.

Wan Li alikuja kulijua hilo kwa njia ngumu zaidi. Miaka ya 1980 alihutubia akitaka maamuzi ya serikali yafanywe kwa utafiti na kwa mjadala huru, pasipo mtu kuadhibiwa kwa maoni yake. Mei 1989, akiwa mwenyekiti wa Bunge, alikuwa ziarani Canada na Marekani wakati wanafunzi waliodai mageuzi wamejaa Tiananmen. Sheria ya kijeshi ilitangazwa Beijing tarehe 20, na watu wengi walitumaini angerudi kuitisha kikao cha Bunge kuijadili. Ndege yake ilitua Shanghai alfajiri ya tarehe 25, akabaki huko kwa sababu iliyotajwa kuwa ya afya, na tarehe 27 akatoa tamko la kuunga mkono sheria ya kijeshi. Anhui alikuwa na msimu wa mavuno mbele yake, wakubwa wawili waliomuunga mkono faragha, na komyuni moja ya kuijaribia. Shanghai hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na waliomkabili safari hii walikuwa wakubwa walewale waliomkinga.